Daftari la Chuo Si Imla

(Mazungumzo na wanafunzi wa elimu ya juu, Jang'ombe, Unguja)



Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar kilianzishwa kwa sheria mwaka 1999 na kuanza kazi mwaka 2001. Wazazi wengi waliopo hapa walimaliza masomo kabla ya hapo. Kwa hiyo kijana akikwama chuoni, nyumbani hana wa kumuuliza. Ada imelipwa, watu wamechanga. Akifeli mwaka wa kwanza, jasho la wengi limepotea. Mara nyingi tatizo huanzia kwenye daftari.

Vijana wetu huanza shule kwa Kiswahili, kisha hufundishwa kwa Kiingereza wanapopanda madarasa. Wengi huzoea kunakili ubaoni neno kwa neno. Chuoni mhadhiri haandiki kila kitu, wala hangoji mtu. Anayemfuata kama imla hutoka na kurasa sita asizozielewa. Anayepiga picha kwa simu hutoka na picha tu.

Fanyeni hivi:

Kwanza, someni mada kabla ya mhadhara, hata nusu saa, ili istilahi zisiwe ngeni.

Pili, gaweni ukurasa kama alivyofundisha Walter Pauk wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, miaka ya 1950. Kulia, sehemu pana, andikeni hoja kwa ufupi. Kushoto, sehemu nyembamba, andikeni maswali baada ya kipindi. Chini wekeni muhtasari.

Tatu, muhtasari uanze kwa Kiswahili. Kama somo ni mfumuko wa bei, lieleze kwa bei ya unga pale Darajani. Ukishindwa kumweleza mama yako, bado hujaelewa, kaulize. Kisha uandike kwa Kiingereza, maana ndiyo lugha ya mtihani.

Nne, rudieni siku hiyo hiyo. Mwaka 1885 Mjerumani Hermann Ebbinghaus, aliyejipima mwenyewe, alionyesha kuwa mengi husahaulika ndani ya siku ya kwanza. Funika upande wa kulia, jibu maswali ya kushoto.

Ndugu wanakamati, nyumba zetu zimebanana, na wengi hawana pa kusomea. Tuwafungulie ukumbi kila jioni, wenye meza na taa. Gharama yake ni ndogo kuliko ada ya kurudia mwaka.