Harufu ya Peremende, Ubongo na Hamu ya Kula

Neno peremende tumelizoea tangu utotoni kwa maana ya pipi, ile ambayo ukiisha kuitia kinywani kila pumzi huwa ya baridi. Wachache hukumbuka kwamba neno lenyewe limetokana na jina la Kiingereza la mmea: nanaa kali, ambayo mafuta yake ndiyo huitia pipi hiyo ladha. Mafuta hayo huuzwa pia katika vichupa vidogo. Katika miji ya Marekani kama Louisville, Columbus na Buffalo, walikohamia ndugu zetu wengi kutoka Kongo na Somalia, ni rahisi kuyapata. Sifa zake ni nyingi: nusa, utakumbuka vizuri zaidi, nusa, njaa itapungua. Je, pana ukweli?

Tuanze Louisville, maana huko nanaa ina heshima yake. Kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi Mei, katika mbio za farasi za Churchill Downs, watazamaji hunywa kileo chenye sukari, barafu na majani ya nanaa. Nanaa hiyo ni ya kawaida, na mentoli yake ni kidogo mno. Peremende ndiyo yenye mentoli kwa wingi, na mentoli ina hila yake. Mwaka 2002 watafiti wa Marekani, miongoni mwao David Julius na Ardem Patapoutian, waliopata tuzo ya Nobel mwaka 2021, walionyesha kwamba katika neva zetu mna mlango unaofunguka kwa baridi, na kwamba mentoli huufungua mlango huohuo. Hapana baridi yoyote; ubongo umepelekewa habari isiyo ya kweli. Kampuni moja ya tumbaku ya hapohapo Louisville, Axton-Fisher, ilinufaika na hila hiyo tangu miaka ya 1920 kwa kuuza sigara za mentoli ziitwazo Spud. Koo lilipoa, moshi ukabaki na sumu yake. Ubaridi, basi, si ushahidi wa tiba.

Hata hivyo si yote ni hadaa. Mwaka 2008 Mark Moss na wenzake wa Chuo Kikuu cha Northumbria, Uingereza, walichapisha utafiti wa watu 144 wenye afya. Baadhi walifanya mitihani ya akili katika chumba chenye harufu ya peremende, wengine katika harufu ya langilangi, ua tulijualo sana Zanzibar na Komoro, na wengine bila harufu yoyote. Peremende iliinua kumbukumbu na uchangamfu. Langilangi ilituliza moyo, lakini ilipunguza kumbukumbu na wepesi wa kufikiri. (Wanaojipamba kwa langilangi usiku wa arusi hawakuhitaji kuambiwa hilo na profesa.) Lakini tuzingatie: hayo yalikuwa ya muda mfupi, kwa watu wazima wa afya. Mzee aliyeanza kusahau majina ya wanawe hana alichothibitishiwa hapo.

Mjini Columbus, katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio, Janice Kiecolt-Glaser na wenzake walikwenda mbali zaidi mwaka huohuo wa 2008. Peremende haikuwamo, walipima limau na lavenda kwa watu 56, na baadhi ya washiriki waliambiwa mapema watarajie nini, wengine hawakuambiwa. Harufu ya limau iliwachangamsha hata wale wasioambiwa kitu. Lakini walipopimwa maumivu na kupona kwa ngozi, hakuna harufu iliyosaidia. Mwandishi wa maneno haya huona kila harufu ingestahili kupimwa hivyo kabla ya kutiwa katika chupa.

Na njaa? Katika Chuo Kikuu cha Wheeling Jesuit, jimbo la West Virginia, Bryan Raudenbush aliwapa watu peremende wainuse kila baada ya saa mbili; walisema njaa imepungua, na walikula kidogo zaidi. Utafiti ulikuwa mdogo, ilhali biashara ya harufu na unene ni kubwa. Januari 2014 Sensa, kampuni iliyouza unga wa kunyunyiza juu ya chakula kwa madai kwamba harufu yake hushibisha, ilikubali kulipa dola milioni 26.5 baada ya serikali ya Marekani kuishtaki kwa madai yasiyo na uthibitisho.

Kwa maoni yangu, habari ya Buffalo ina faida zaidi. Mwaka 2011 Leonard Epstein wa chuo kikuu cha mji huo alichapisha jaribio la wanawake 32 waliopewa makaroni kwa jibini mara tano, wengine kila siku, wengine mara moja kwa wiki. Waliopewa kila siku walianza kula kidogo. Chakula kilekile huchosha hamu, na meza yenye vyakula vya kila namna huiamsha. Pua nayo huizoea harufu upesi, hata harufu ya peremende.

Chai ya peremende baada ya mlo haina neno kwa watu wengi, ila mwenye kiungulia aiangalie, kwani hulegeza mlango wa juu wa tumbo na kuacha asidi ipande. Na kwa akina mama wenye watoto wachanga: mafuta ya peremende au ya mentoli yasipakwe kamwe usoni wala karibu na pua ya mtoto mdogo, hata akiwa na mafua makali. Yanaweza kumziba pumzi.