Pumu: Pampu ya Bluu Peke Yake Haitoshi

(Mazungumzo yetu na wawakilishi wa vikundi vya kujisaidia, katika semina ya siku moja)



Tulipowatembelea mwaka huu tulifikiri mtatuuliza juu ya mikopo. Mlituuliza, lakini swali lingine lilitufuata kila kikundi: huyu mtoto mwenye pumu atapona lini? Tukaona heri tuliweke mezani, maana pesa zenu nyingi zinakwenda huko. Usiku ni kutafuta gari la kumkimbiza mgonjwa hospitali, kesho yake ni mchango, na baada ya wiki mbili ni yale yale.

Kwanza tuelewane juu ya ugonjwa wenyewe. Pumu si baridi iliyoingia kifuani, ingawa hewa baridi yaweza kuichokoza. Haiambukizwi, kwa hivyo watoto wanaweza kulala kitanda kimoja bila hofu. Wala si kurogwa. Kwa watoto hasa, mara nyingi inaanzia kwenye mzio, yaani hali ambayo wengi wetu tunaiita aleji. Mwili una walinzi wake wa kufukuza viini vya magonjwa. Kwa watu wengine walinzi hao humwona mgeni asiye na hatia kuwa adui: vumbi la kitandani, paka, mende, ukungu wa ukutani, chavua ya nyasi. Mgeni huyo akivutwa na pumzi, vita vinaanza ndani ya mirija ya hewa. Misuli inayozunguka mirija hukaza, ngozi ya ndani huvimba, makohozi mazito hujaa. Ndipo mnasikia kifua kikilia kama filimbi.

Fikirieni ule mpira wa kumwagilia sukuma wiki. Mtu akiukanyaga, maji hayapiti. Lakini kama mpira una matope ndani, hata mtu huyo akiondoa mguu, maji yatapita kidogo tu. Pampu ya bluu, ile ya salbutamol, inaondoa mguu. Inafungua kifua kwa dakika chache na mgonjwa anashukuru. Matope bado yako pale pale. Matope ndiyo ule uvimbe, na uvimbe una dawa yake: pampu ya kuzuia, ambayo mara nyingi ni ya kahawia. Rangi zaweza kubadilika, kwa hivyo someni jina: beclometasone au budesonide. Hii huvutwa kila siku kama daktari alivyoagiza, hata siku ambayo mtoto anacheza vizuri na hana shida yoyote.

Hapo ndipo tunapowapoteza watu. Mama mmoja alituambia, "Ile ya kahawia nilimpa siku tatu, sikuona kitu, nikaiweka kabatini." Kweli hakuona kitu. Dawa hiyo inafanya kazi polepole, siku kadhaa na hata majuma, na kazi yake ni kufanya usiku upite bila kisa. Wengine wanaogopa ati ukianza pampu hutaiacha. Kwani mwenye kisukari akitumia dawa yake kila siku tunasema amelewa? Pampu haileti uraibu. Tena dawa yake ni kidogo mno na inakwenda moja kwa moja kwenye mapafu, si kama vidonge vya salbutamol vinavyopitia tumboni, vinachelewa, halafu moyo unakwenda mbio na mikono inatetemeka. Mkishavuta ile ya kahawia sukutueni mdomo kwa maji na mteme, msipate utando mweupe.

Tangu mwaka 2019 mwongozo wa kimataifa wa pumu, unaoitwa GINA, unasema watu wazima na vijana wasitibiwe kwa pampu ya bluu peke yake. Basi mgonjwa anayetafuta bluu zaidi ya mara mbili kwa wiki, au anayeamka usiku akikohoa, asiseme amezoea. Arudi kliniki. Na mtoto anayedungwa sindano za nimonia kila mara, ulizeni kama si pumu. Kikohozi kikipita wiki mbili, mwombe pia apimwe TB.

Sasa twende nyumbani. Adui mkubwa hamumwoni kwa macho. Ni vidudu vidogo sana vya vumbi vinavyoishi kwenye magodoro, mito na mablanketi, vikila vipande vya ngozi vinavyotudondoka tukilala. Kinyesi chao ndicho kinacholeta mzio. Vinapenda unyevunyevu, kwa hivyo wenzetu wa pwani na wa kando ya ziwa wanavyo vingi kuliko wale wa sehemu kavu. Shuka na blanketi zifuliwe kila wiki kwa maji ya moto, yawe na nyuzi 55 au zaidi. Godoro litolewe nje kwenye jua kali masaa kadhaa, halafu likung'utwe, lakini si na mgonjwa. Sakafu ya udongo inyunyiziwe maji kabla ya kufagia, naye mgonjwa awe nje.

Chandarua je? Tumesikia watu wameondoa vyandarua kwa sababu ya vumbi. Tafadhali, malaria haingoji. Kifueni kwa maji baridi na sabuni ya kawaida, mkianike kivulini ili dawa yake isiharibike.

Kuku na mbuzi wasilale chumba kimoja na mtoto huyu. Tunajua wezi wapo, lakini hata ukuta mmoja katikati unasaidia. Mwanachama mmoja alianza kuandika kwenye daftari siku ambazo kijana wake anabanwa. Baada ya miezi miwili aliona ni Jumamosi karibu zote. Jumamosi ndiyo siku kijana alikuwa akisafisha nyumba ya kuku! Kazi ile akapewa dada yake, kijana akaenda kuchota maji. Daftari la shilingi chache, na lilionyesha jambo ambalo sisi wageni tusingeliona. Wengine mtakuta ni kupura maharagwe, wengine ni ghala lenye mahindi ya ukungu. Kwa wenzetu wa Baringo na Tana River, chavua ya mathenge nayo inajulikana kuleta mzio.

Moshi si mzio hasa, lakini unachubua mirija ambayo tayari imevimba. Jiko la mawe matatu ndani ya chumba kisicho na dirisha, koroboi, sigara ya baba, dawa ya mbu ya kuchoma, vyote ni kuni kwenye moto. Pikieni nje au mtoe dirisha, na mgonjwa asikae jikoni. Hata ubani kanisani: mtumishi wa altare mwenye pumu ashike msalaba, chetezo apewe mwenzake.

Tusidanganyane, usafi peke yake hautoshi. Tumeona nyumba safi kabisa ambazo mtoto bado anabanwa kwa sababu dawa ya kuzuia iliisha na haikununuliwa tena. Hapa ndipo kikundi kinapoingia. Mna meri-go-raundi za viti, sufuria, hata blanketi. Tunapendekeza kila kikundi kitenge akiba ndogo ya pampu ya kuzuia, inunuliwe kabla ile ya kwanza haijaisha. Hesabuni wenyewe mlilipa nini kwa gari la usiku mara ya mwisho.

Mgonjwa akibanwa, msimlaze. Mkalisheni wima, mlegeze nguo. Mpeni bluu mara nne, moja moja, mkingoja dakika nne. Kama hakuna nafuu, nne tena. Akiwa hawezi kumaliza sentensi, mbavu zinaingia ndani, midomo inageuka rangi, anasinzia, au kifua kilichokuwa kikilia kimenyamaza ghafla, hiyo ni hatari. Msingoje hesabu wala asubuhi. Ondokeni naye, na njiani muendelee kumpa pampu. Walimu nao mwaambie: pampu ikae mfukoni mwa mtoto, isifungiwe ofisini.

Watoto wengi hawawezi kubonyeza na kuvuta kwa wakati mmoja, dawa inaishia ulimini. Mwaka 1999 madaktari wa Afrika Kusini walichapisha utafiti ulioonyesha kwamba chupa ya plastiki ya nusu lita inaweza kufanya kazi ya kile kifaa cha dukani. Inaoshwa kwa maji ya sabuni, haisuuzwi, inaachwa ikauke yenyewe. Waya unakunjwa kwa umbo la mdomo wa pampu, unapashwa moto, unayeyusha tundu kwenye kitako cha chupa. Pampu inaingizwa hapo na kuzibwa vizuri kwa gundi au utepe. Mtoto anaweka mdomo kwenye shingo ya chupa, unabonyeza mara moja, anapumua taratibu mara nne hadi sita, kisha unabonyeza tena. Mtoto mchanga anahitaji kifuniko cha uso. Huyo mpelekeni kliniki.

Tumeleta chupa, waya na jiko. Wenye watoto wa pumu tunawaomba mketi huku mbele, kila mmoja atengeneze yake aende nayo.