Nyumba ya kununua na asiransi yake

Mazungumzo na wanamemba, Kibua



Tangu watu waanze kurudi, kuna swali linatufuata kila tunapopita, kutoka Nyabiondo mpaka hapa Kibua: "Nimeona nyumba inauzwa. Nikiinunua, nichukue asiransi gani?" Swali ni la haki. Mtu aliyelala chini ya shitingi kambini hawezi kuweka pesa yote ya likelemba kwenye mbao na mabati bila kuuliza: ikiungua kesho, nani atanirudishia?

Asiransi ya kampuni tuimalize upesi. Tangu 1966 nchi yetu ilikuwa na kampuni moja tu ya leta, SONAS. Sheria ya 2015 ilifungua mlango, na 2019 makampuni mengine yakapata ruhusa. Kwa hiyo asiransi ya nyumba iko, lakini iko mjini. Anayeifuata huko aulize mambo mawili kabla ya kutia sahihi: wanaomba karatasi gani ya nyumba, na hasara gani hawalipi. Mikataba ya namna hiyo, hapa na ulimwenguni, kwa kawaida inaacha vita nje. Asiransi ni pesa ya wengi inayomlipa mmoja. Vita ikipita, inaweza kuchoma kijiji kizima siku moja. Hapo nani atamlipia nani?

Sanduku letu la shida linatembea kwa hesabu ileile. Tuseme tuko memba 60, kila mmoja anatoa 500 FC kwa juma. Ni 30,000 FC, na kwa majuma 52 ni 1,560,000 FC. Tuseme tena kusimamisha nyumba moja iliyoungua kunaomba 600,000 FC. Basi tunasimamisha mbili, tunabaki na 360,000. Ya tatu ikiungua mwaka huohuo, tutabaki kuangaliana. Wale waliosema sanduku lilipe pia nyumba zilizochomwa na vita, tunawaelewa sana, wengine tulikimbia pamoja nao. Lakini kuwaahidi hivyo ni kuwadanganya. Moto wa jikoni, upepo unaong'oa mabati, mti ulioanguka juu ya nyumba: hayo sanduku linaweza. Kwa hasara ya vita tunawageukia ninyi wafadhili, na tunawaomba ahadi yenu iandikwe mapema, isingoje picha za majivu.

Sasa tuseme kosa letu wenyewe, maana bila hilo mazungumzo haya hayana maana. Kuna familia ilinunua nyumba hapa karibu kwa jirani. Sisi tuliona nyumba, tuliona watoto wananyeshewa, tukatoa mabati. Hatukuuliza zaidi. Miezi michache baadaye mwenye nyumba akarudi na mke wake. Nyumba ilikuwa ya baba yake. Yule jirani aliachiwa kuilinda tu, wakati watu wanakimbia. Aliyenunua akatoka, pesa ikaenda, na muuzaji hakuonekana tena. Familia ikaja kwenye sanduku. Kanuni ilisema moto na upepo. Hatukuwa na la kuwajibu, na mpaka leo tukipita kwa ile nyumba tunaangalia chini.

Ndiyo sababu tunasema: huku kwetu hatari ya kwanza ya mnunuzi ni muuzaji, halafu moto. Kwa sheria ya 1973 udongo ni wa leta, lakini kijijini tunaupata kwa shefu na kwa jamaa, na wengi hatuna sertifika ya leta. Kinachotulinda ni watu. Usilipe mahali pa siri. Muulize shefu wa lokalite na majirani wa pande zote nne nani alikaa pale kabla ya watu kukimbia, na yuko wapi sasa. Kama jamaa yake mmoja yuko Goma au Walikale, mpigie simu mbele ya mashahidi. Bibi ya muuzaji naye awepo, na watoto wake wakubwa, siyo yeye peke yake na chupa ya kasiksi. Karatasi ya kuuziana iandike mipaka, bei, na majina ya wote walioona pesa ikihesabiwa. Piga picha ya karatasi na ya nyumba, utume kwa ndugu aliye mbali, kwa sababu sote tunajua karatasi zinavyopotea njiani watu wanapokimbia.

Komite imekubali kutunza nakala. Lakini jambo moja halijakatwa. Sisi wa tereni tunaona nyumba isiingie kwenye sanduku kabla mashahidi hawajasema. Mama mmoja mjane alitujibu palepale: "Na mimi niliyenunua, mashahidi wangu wakafa, mutaniacha inje?" Hatukuwa na jibu. Tumeomba akina mama wakae kwanza peke yao, walete pendekezo lao kwenye mkutano ujao, ndipo tupige kura.