Maumivu ya Kisigino: Tuanze na Mazoezi, Upasuaji Uwe wa Mwisho

*Hii ni hotuba ya mtaalamu wa fiziotherapia wa hospitali ya kaunti ndogo kwa wafanyabiashara wa soko, katika siku ya uhamasisho wa afya. Tunaichapisha kwa manufaa ya wakazi wote.*



Asanteni kwa kuacha biashara zenu kwa muda. Sitawaweka sana. Nina swali: ni nani hapa akiamka asubuhi na kukanyaga chini huhisi kama amekanyaga msumari kisiginoni? Naona mikono ni mingi, wala sishangai. Kazi ya soko ni ya kusimama, sakafu ni ya simiti, na wengi wetu tunavaa patipati zilizokwisha soli.

Alinijia mama mmoja anayeuza mboga. Alikuwa amepigwa eksrei, akaonyeshwa mfupa mdogo uliochomoza chini ya kisigino, akaambiwa kwamba ana mwiba. Hakuogopa maumivu peke yake. Alidhani dawa ni kukatwa ule mfupa, na tayari alikuwa ameomba mkopo katika chama chake. Nilimwomba asubiri kwanza, na sababu niliyompa ndiyo ninayowaletea leo.

Chini ya wayo kuna utando mgumu kama kamba. Umeanzia kwenye mfupa wa kisigino na kuenea hadi karibu na vidole, na ndio unaoshikilia ule upinde wa wayo. Ukisimama saa nyingi, ukiongezeka uzito, ukianza kukimbia ghafla bila kuzoea, au misuli ya shavu la mguu ikikaza, kamba hiyo huvutwa kupita kiasi pale iliposhikana na mfupa. Mara nyingi hapo ndipo uchungu unapotoka. Usiku umelala, kamba hukaza. Asubuhi hatua ya kwanza huivuta kwa ghafla. Ukitembea kidogo unapata nafuu, lakini baada ya kusimama mchana kutwa maumivu hurudi.

Na ule mwiba? Huo ni mfupa ulioota polepole kwa muda mrefu. Kuna watu wengi wanao na hawajawahi kuumwa, na kuna wanaoumwa sana na eksrei haionyeshi mwiba wowote. Kwa hivyo tunachotibu ni ile kamba: tunainyoosha, kisha tunaitia nguvu. Mfupa unaweza kubaki pale pale na maumivu yakaisha.

Sasa tufanye pamoja mazoezi matatu.

La kwanza ni la kitandani, kabla ya kukanyaga chini. Keti, weka mguu unaouma juu ya goti la mguu wa pili. Shika vidole vyote, vivute kuelekea muundi mpaka uhisi wayo umekaza. Hesabu polepole hadi 10, kisha achilia. Rudia mara 10. Fanya hivyo mara 3 kwa siku, lakini ile ya alfajiri usiikose. Asiyeweza kuinama apitishe leso chini ya vidole na kuivuta.

La pili ni la ukutani. Weka mikono ukutani na mguu unaouma nyuma. Goti la nyuma linyooke, kisigino kisiinuke, kisha egemea mbele mpaka shavu la mguu livutike. Kaa hivyo sekunde 30, mara 3. Rudia tena ukiwa umekunja goti hilo kidogo.

La tatu ni la kutia nguvu. Simama kwenye ngazi, kunja taulo uiweke chini ya vidole, visigino vikae nje ya ngazi. Shika ukuta usianguke. Panda kwa vidole kwa sekunde 3, tulia sekunde 2, shuka kwa sekunde 3. Anza na miguu yote miwili; ukizoea, tumia mmoja. Fanya siku moja, pumzika siku inayofuata. Uchungu kidogo wakati wa zoezi ni kawaida. Ukiamka kesho yake umezidiwa, punguza.

Ili kutuliza maumivu jioni, gandisha maji kwenye chupa ya plastiki, ifunge kwa kitambaa, uiviringishe chini ya wayo kwa dakika 10. Mwenye kisukari au ganzi miguuni asitumie barafu, maana anaweza kuungua bila kujua. Vaa kiatu chenye soli nene kinachoshika mguu, hata ukiwa nyumbani. Kibandani, simama juu ya mkeka wa mpira, na wateja wakipungua, keti.

Nafuu isipokuja, njoo tukuone. Tunaweza kukufunga tepu maalumu, kukupimia soli ya ndani ya kiatu, au kukupa kifaa cha kuvaa usiku ili wayo usikaze. Ipo pia tiba ya mawimbi ya mshtuko kwenye hospitali zenye mashine hiyo. Sindano ya kisigino hupunguza uchungu kwa muda, lakini ikirudiwarudiwa inaweza kudhoofisha kamba hata ikakatika. Upasuaji ni wa wachache, baada ya miezi mingi ya matibabu mengine kushindwa. Na dawa za maumivu msizimeze kiholela, hasa wenye vidonda vya tumbo, shinikizo la damu au ugonjwa wa figo.

Kuna dalili zisizongoja mazoezi. Ukishindwa kukanyaga baada ya kuanguka, kisigino kikivimba na kuwa chekundu, ukiwa na homa, ganzi, kidonda, au maumivu yanayokuamsha usiku, nenda hospitalini mara moja. Mtoto anayelalamikia kisigino naye aletwe, kwa sababu chanzo chake huwa tofauti.

Sitawadanganya kwamba ni kazi ya siku mbili. Ni kazi ya wiki nyingi, wakati mwingine miezi, ila wengi hupona ndani ya mwaka mmoja bila kisu. Haba na haba hujaza kibaba. Yule mama alifanya mazoezi kwa miezi mitatu. Hajapona kabisa, lakini anashuka kitandani bila kushika ukuta, yuko kibandani kwake kila siku, na ule mkopo hakuuchukua.

Kesho asubuhi, kabla hujakanyaga chini, vuta vidole hivyo mara 10. Maswali karibuni.