Vidonge Si Ngao ya Kisukari



Ugonjwa wa kisukari si ugonjwa wa matajiri wa mijini peke yao. Na kila ugonjwa unapoingia, uvumi wa dawa huufuata. Katika mazungumzo yetu ya leo tutaupima uvumi usemao kwamba vidonge vya vitamini D na kalsiamu hukinga kisukari. Tunalisema hili kwa ajili ya mkulima wa Buhinyuza, huko Muyinga, ambaye huenda akashawishika kuuza mbuzi wake ili anunue vidonge hivyo.

Uvumi huo haukuzuka hivi hivi. Kongosho huhitaji kalsiamu ili kutoa insulini, nayo insulini ndiyo inayoongoza sukari mwilini. Tena imeonekana mara nyingi kwamba wenye upungufu wa vitamini D huugua kisukari zaidi kuliko wengine. Lakini mambo mawili kuandamana si ushahidi kwamba moja limelizaa jingine. Mtu mnene ashindaye ndani huwa na vitamini D haba, na unene huo huo ndio umwitiao kisukari.

Hapana budi basi jambo hili lijaribiwe, na limejaribiwa. Huko Marekani wanawake 33,951 walifuatiliwa kwa miaka saba, wengine wakimeza kalsiamu na vitamini D, wengine vidonge vitupu. Matokeo yaliyotangazwa mwaka 2008 yalionyesha kwamba kisukari hakikupungua. Mwaka 2019 yakatoka matokeo ya watu 2,423 ambao sukari yao ilikwisha anza kupanda. Waliomeza vitamini D waliougua walikuwa 293. Waliomeza vidonge vitupu, 323. Tofauti hiyo ni ndogo mno kuitegemea. Mwaka 2023 majaribio matatu ya namna hiyo yalipojumlishwa, hatari ilionekana kupungua kwa asilimia 15. Lakini tangu mwaka 2002 ilikwisha thibitika kwamba kupunguza uzito, kula kwa kiasi na kutembea kwa bidii huipunguza kwa asilimia 58.

Isitoshe, vitamini D hutengenezwa na ngozi ipatapo jua. Mwaka 2012 watafiti walitangaza kwamba Wamasai na Wahadzabe wa Tanzania, wanaoishi maisha ya jadi, walikuwa nayo tele katika damu, bila kidonge hata kimoja. Jua lao ndilo jua la Buhinyuza. Kalsiamu nayo imo katika ndagala waliwao pamoja na mifupa, na katika lengalenga.

Hatusemi kwamba vidonge hivyo havina kazi. Aliyeandikiwa na mganga wa hospitali, kwa ajili ya mifupa au ujauzito, asiviache. Bali avimezaye ovyo ajue kwamba vikizidi huweza kuleta vijiwe katika figo.

Hatari iliyo kubwa ni hii: mtu kumaliza fedha kwa mchuuzi, akakosa nauli ya kwenda kupimwa damu. Mwenye kiu isiyokwisha, anayekojoa mara kwa mara na kukonda bila sababu, asingoje. Aliye na mzazi au ndugu mwenye kisukari naye akapimwe mapema.

Wahenga walisema, usiache mbachao kwa msala upitao. Jembe, jua na sahani ya maharagwe ni mbacha wetu. Tusiubadilishe kwa chupa ya mpita njia.