Safari kwa Tiara na Ubao

  Haya, tuanze.

Somo letu la leo limetokana na barua. Imeandikwa kwa penseli, mistari tisa, na aliyeiandika ni mama mmoja wa Jambiani, pwani ya mashariki ya kisiwa cha Unguja. Kazi yake ni kulima mwani. Asema kwamba hii ndiyo barua ya kwanza aliyoiandika kwa mkono wake mwenyewe. Mwanawe amepata ubao wa kusimamia na tiara kubwa, naye ataka kusafiri peke yake kwa upepo wa kusi, kutoka Jambiani mpaka Michamvi. Mama auliza: "Nimkataze au nimwache?"

Mama, barua yako tumeisoma, wala hapana neno lililotushinda. Lakini siwezi kukujibu kwa neno moja. Nataka kwanza ujue chombo hiki kinavyokwenda, kisha umwulize mwanao maswali. Majibu yake ndiyo yatakayokuambia umkataze au umwache.

Tiara mnaijua. Wengine huiita kishada. Watoto huitengeneza kwa vijiti na karatasi. Tiara ya baharini hushonwa kwa kitambaa chepesi, na ukingo wake wa mbele una mfuko mrefu unaojazwa upepo kwa pampu, kama mpira wa baiskeli. Kwa sababu ya mfuko huo tiara huelea ikianguka majini, na huweza kurushwa tena. Vijana wa ufukweni huiita kaiti. Ubao nao si huo anaouandikia mwalimu kwa chaki. Ni ubao mpana, mrefu kuliko mtu, na mtu husimama juu yake akapiga kafi ndefu. Mwenye kafi tu huchoka. Akiongeza tiara, upepo humvuta, na kafi huilaza ubaoni akaifunga.

Msidhani wazo hili ni la jana. Benjamin Franklin, yule Mmarekani mwenye habari za umeme, alipokuwa mtoto alilala chali katika ziwa dogo, akashika kijiti chenye uzi wa tiara, akavutwa mpaka ng'ambo. Nguo zake alimpa mwenzake azichukue kwa njia ya nchi kavu. Angalieni hapo: hata mtoto yule alijua kwamba hatarudi alikotoka, akatuma nguo mbele. Na mwaka 1903 bwana mmoja aitwaye Samuel Cody alivuka mlango wa bahari ulio kati ya Ufaransa na Uingereza kwa mashua ndogo iliyovutwa na tiara. Alitoka Calais akafika Dover, na safari ilichukua muda wa saa 13 hivi. Ilimpasa apate upepo utokao Ufaransa. Upepo wa Uingereza usingalimfaa kitu.

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo penye jambo lenyewe. Ngalawa ina tanga na usukani, na nahodha hodari huweza kubisha, yaani kwenda upande huu kisha upande ule mpaka afike kule upepo unakotoka. Ubao mpana una pezi dogo tu chini yake. Hauyashiki maji. Tiara ikiuvuta, huenda kule upepo uendako, na pengine kando kidogo. Kurudi hauwezi. Wale vijana wa Paje mnaowaona wakienda na kurudi wana ubao mdogo wenye makali, unaokata maji. Macho yasikudanganye, mama. Hicho ni chombo kingine.

Walimu, sasa andikeni hesabu. Upepo unavuma kilomita 20 kwa saa. Ubao unakwenda nao, kilomita 8 kwa saa. Tiara inaonja upepo wa kiasi gani? 20 toa 8, ni 12. Basi wimbi likija nyuma likausukuma ubao hata ukafika 15, tiara inabaki na 5. Nyuzi zinalegea, na tiara inaanguka baharini kama kanga iliyokatika kamba. Hayo si yote. Ubao unasimama, na upepo unarudi kuwa 20. Tena mvuto wa upepo hauzidi sawa na mwendo wake: mwendo ukizidi mara mbili, mvuto huzidi mara nne, ukizidi mara tatu, mvuto huzidi mara tisa. Kwa hiyo tiara ikijaa upya ghafula, humrusha mtu.

Najua, maana yalinipata. Nilikuwa kijana mwenye mabega mapana na akili nyembamba. Nilitoka peke yangu, maji yakipwa, wala sikumwambia mtu. Nilikwenda kwa raha sana. Kwa kitambo nikadhani kafi ni kazi ya wajinga. Kisha wimbi likanisukuma, tiara ikaanguka, nyuzi zikauzunguka ubao. Nilikuwa nimejifunga kiunoni kwa kifundo cha kamba, na kamba ikilowa kifundo hakifunguki. Tiara ikajaa upya ikiwa chini, ikaniburura. Ubao nao umefungwa mguuni unanivuta nyuma. Nilikuwa kama nguo inayokamuliwa. Na maji yote ya ndani yalikuwa yakitoka kwa mlango wa mwamba kwenda bahari kuu, nami nikienda nayo. Nilipoteza ubao na kiatu kimoja, na ngozi ya vidole vilivyokuwa vikifungua kile kifundo.

Mzee mmoja akatokea na ngalawa, anatoka kuvua. Alinishika kwapani akanipakia. Nikasema, "Shikamoo, mzee." Akaitika, "Marahaba." Kisha akaniuliza, "Mwanangu, nani ajuaye kwamba uko huku?" Nikasema, hapana mtu. Hakusema neno jingine mpaka pwani.

Basi, mama, swali lako la kwanza kwa mwanao liwe hili: "Umejifungaje?" Mkanda wake wa kiunoni na uwe na kifungulio cha kuvuta mara moja, kwa mkono mmoja, nyuzi zikiwa zimekazwa. Kamba ya ubao nayo iwe na cha kwake. Mwambie afumbe macho avifungue vyote viwili mbele yako, pale uani. Akipapasa, hajawa tayari. Na asizungushe uzi mkononi hata kidogo. Uzi uliokazwa hukata nyama.

Swali la pili: "Utatoka saa ngapi?" Hapa wewe wajua kuliko yeye, kwa sababu mwani ndio uliokufundisha. Siku za bamvua maji hupwa sana asubuhi, kama saa nne, ndipo mnapotembea mpaka kwenye mashamba. Alasiri, kama saa kumi, yamejaa. Kila siku ijayo saa husogea mbele kama dakika 50. Maji yakijaa huingia ndani kwa milango ya mwamba. Yakipwa hutoka nje kwa milango hiyo hiyo, kwa nguvu. Atoke maji yakijaa, na awe amekwisha kushuka kabla hayajageuka. Siku ya bamvua akiondoka saa nane, afike kabla ya saa kumi. Akikwambia atatoka saa kumi na moja, mkataze, wala usione haya.

Upepo je? Kusi ya pwani yenu huvuma kwa kuifuata pwani, tena huelemea nchi kavu kidogo. Huo ni upepo mwema kwa mwanafunzi: akiharibikiwa, humsogeza pwani. Siku upepo utokapo nchi kavu kwenda baharini, tiara ikae ndani ya mfuko wake. Wakati wa maleleji, pepo zinapogeuka-geuka, vilevile.

Swali la tatu: "Utapita wapi?" Mashamba yenu ya mwani yana vigingi na kamba. Uzi wa tiara ukinasa hapo, kijana ataumia, na mwenye shamba atapoteza mavuno ya wiki kadhaa. Vigingi havionekani maji yakijaa. Amfuate mama yake siku ya maji kupwa, atembee kwa miguu, aone shamba linaishia wapi. Na afikapo Paje atakuta tiara nyingi hewani. Aishushe yake mapema, apige kafi akiwa amekaa, mpaka awapite.

Swali la nne: "Utashuka wapi?" Hapa mimi naona Michamvi ni mbali kwa mara ya kwanza. Akiipita ncha ya Michamvi, mbele yake ni mdomo wa ghuba ya Chwaka, na ng'ambo haiko karibu. Ashuke Bwejuu. Kutoka Bwejuu ubao utarudi kwa gari, kama nguo za yule mtoto zilivyochukuliwa kwa njia ya kavu. Nauli aiweke kabla ya kutoka, katika mfuko usioingia maji, pamoja na simu.

Na tiara yenyewe iwe ndogo kuliko ile anayoitamani. Ubao mpana huelea hata bila mwendo, hauhitaji mvuto mwingi. Hapo atanung'unika. Mwache anung'unike. Na akitaka kushuka, asiielekeze tiara chini mbele yake, maana huko ndiko inakovuta zaidi. Aipandishe juu ya kichwa, ipunguze mvuto, kisha aiteremshe ukingoni, kando.

Sasa kazi ya darasa. Mama, chukua ile penseli uliyoniandikia, nanyi nyote andikeni pamoja naye. Siku ya safari karatasi hii ibaki mkononi mwako. Mstari wa kwanza, jina la msafiri na rangi ya tiara. Wa pili, mahali na saa ya kuondoka. Wa tatu, mahali na saa ya kushuka. Wa nne, saa ya kwenda kumtafuta. Wa tano, jina la mwenye mashua atakayekwenda, na namba yake ya simu. Yule mwenye mashua aulizwe mbele, akubali, ndipo jina lake liandikwe.

Mstari wa nne ndio watu husahau. Ikiwa saa ya kushuka ni saa kumi, andika saa kumi na nusu. Usiandike magharibi, maana jua likitua mwenye mashua hataona tiara iliyolala majini.

Mwanao naye aandike jina lake chini. Akikataa kuandika, mama, jibu langu ni mkataze. Akiandika, na vifungulio akavifungua kwa macho yaliyofumbwa, mwache aende, nawe uwe Bwejuu kabla yake.

Walimu, kusanyeni karatasi. Barua nyingine iliyo mezani kwangu yatoka kwa fundi wa baiskeli, na hiyo ni ya juma lijalo. Kwaherini.