Maumivu Wakati wa Kumeza: Uchunguzi na Tiba Katika Zahanati

Si ajabu mtu anayeumia akimeza kutoka duka la dawa na amoksilini mkononi kabla hajaangaliwa kinywa. Lakini vyanzo vya maumivu hayo ni vingi, na vingi havisikii antibiotiki. Mada hii inatetea maswali matatu yatangulie dawa: panauma wapi, tangu lini, na mgonjwa alimeza nini.

Akiulizwa panauma wapi, anayegusa shingo, akiwa na homa na mafindofindo, mara nyingi ana maambukizi ya koo. Mengi huletwa na virusi na huisha yenyewe ndani ya wiki moja. Parasetamoli na vinywaji hutosha. Bakteria wa streptokoka ndio wanaohitaji penisilini, ama ya vidonge kwa siku 10 ama sindano moja ya benzathini. Wakiachwa, hasa kwa watoto, wanaweza kusababisha homa ya baridi yabisi inayoharibu vali za moyo. Kukata kimio, desturi ambayo bado ipo katika baadhi ya maeneo ya Tanzania, hakuondoi maambukizi hayo, bali huweza kuleta kuvuja damu na pepopunda.

Anayegusa kifua, nyuma ya mfupa wa kidari, mara nyingi ana tatizo la umio. Kwa mtu anayeishi na VVU, wa kwanza kushukiwa ni fangasi aina ya kandida, hata kama kinywani hakuna utando mweupe. Kipimo cha kamera (endoskopi) si lazima kitangulie: flukonazoli hutolewa kwa siku 14 hadi 21, na nafuu hutarajiwa ndani ya wiki ya kwanza. Isipopatikana, ndipo endoskopi itafute vidonda vya hepesi au virusi vya sitomegalo. Kwa kuwa Shirika la Afya Duniani huweka fangasi wa umio katika hatua ya 4 ya maradhi ya VVU, matumizi ya ARV nayo yachunguzwe.

Swali la alichomeza hufichua mengine. Doksisiklini iliyomezwa kwa funda moja la maji, kisha mtu akalala, hukwama na kuunguza umio. Dawa nyingine ikipatikana, hubadilishwa. La sivyo, imezwe kwa glasi nzima ya maji na mgonjwa akae wima nusu saa. Mwiba wa samaki usisukumwe kwa tonge la ugali. Aliyekunywa sodakostiki asitapishwe. Betri bapa ya saa au rimoti ikinasa kwenye umio wa mtoto huweza kuunguza ndani ya saa 2.

Kwa swali la tangu lini, maumivu ya wiki kadhaa, yenye kukonda na chakula kukwama, ugali kwanza, baadaye hata uji, yanataka endoskopi mapema. Saratani ya umio imeenea kuanzia Ethiopia, kupitia Kenya, Tanzania na Malawi, hadi Afrika Kusini. Hospitali ya Tenwek, Bomet, imewahi kuitambua hata kwa vijana wa chini ya miaka 30.

Anayedondokwa mate, anayekoroma akivuta pumzi au asiyeweza kufungua kinywa apewe rufaa saa ileile, bila kubonyezwa ulimi.

Mada inapendekeza maswali hayo matatu yachapwe kwenye kadi ya mgonjwa, na kila anayeanzishiwa flukonazoli aandikiwe tarehe ya kurudi siku ya 7.